Konzi Moja Juu ya Gorogoro

Ukimwambia mtu wa Kitale kwamba mtaani Kibomet anaishi mtaalamu wa vinasaba vya samaki wa baharini, atakutazama mara mbili. Huku ni nchi ya mahindi. Bahari wengi wetu tunaiona kwenye kalenda za dukani, zile zenye picha ya mnazi mmoja uliopinda. Lakini mtaalamu yupo. Anaitwa Daktari Jentrix Nasike, ana miaka arobaini na mitatu, ana sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto, na kazi yake haionei haya hata kidogo. Ukimuuliza anaifanyia nini bahari akiwa huku juu, atakujibu, "Samaki anakuja mwenyewe Kitale, tena akiwa amekauka. Mimi nimfuate Mombasa kutafuta nini?"

Kwao ni Bumula, upande wa Bungoma, ambako mama yake ameuza njugu sokoni tangu Nasike akiwa mgongoni. Siku moja, akiwa darasa la pili, aliuliza dagaa waliokuwa sufuriani wametoka wapi. Mama akajibu, "Lwakhakha." Kwa mama huyo, kitu chochote ambacho hakikulimwa Bumula kilitoka Lwakhakha, mpakani na Uganda: sabuni, vitenge, dawa ya kikohozi, hata redio. Basi mtoto akakua akiamini kwamba bahari iko mpakani, nyuma tu ya ofisi ya forodha. Alipofika darasa la tano mjomba wake alimpeleka huko, naye akalizunguka soko zima akiitafuta. Aliona mto na malori. Alirudi nyumbani amenuna, na ukimsikiliza mwenyewe, kule kununa ndiko kulikomfanya asomee samaki.

Sasa, wasomi wana kipimo chao cha ukubwa, nacho ni cha ajabu ukikitazama vizuri. Mkulima wa Kitale anapimwa kwa magunia aliyovuna. Mtafiti anapimwa kwa makala alizochapisha, na zaidi ya hapo kwa mara ambazo watafiti wengine wamezinukuu katika makala zao. Unaweza kuandika makala tamu kama asali, lakini kama hakuna aliyeinukuu ni kama hukuandika. Nasike alikuwa na makala kumi na tisa zilizonukuliwa jumla ya mara mia tatu arobaini na moja. Chuo anachofundisha kilidai nukuu mia tatu kwa yeyote anayetaka uprofesa. Alikuwa amevuka. Faili lake lilitakiwa Ijumaa, na mama yake alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba Bumula imepata profesa mwanamke, wajiandae kupika.

Lakini katika zile nukuu mia tatu arobaini na moja, mia mbili sitini na tatu zilikuwa za makala moja tu. Zilizobaki kumi na nane ziligawana sabini na nane, tena kwa kubanana.

Makala hiyo kubwa aliiandika mwaka 2013, akiwa mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda pwani. Alitumia akili. Karibu na msikiti wa mjini Kitale kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki wakavu aitwaye Nafisa Ladan, ambaye wateja humwita Mama Hibo kwa jina la binti yake wa kwanza. Nafisa alikuwa na magunia mawili ya dagaa wa baharini, aliyotumiwa na binamu yake: moja limetoka kusini mwa pwani, jingine kaskazini. Nasike akanunua gorogoro moja, lile kopo la kupimia la sokoni, kutoka kila gunia, kila gorogoro katika mfuko wake, akaenda maabara. Akachukua samaki mia na ishirini katika kila mfuko, akawapima vinasaba mmoja mmoja. Wa mfuko wa kusini walikuwa ukoo mmoja, wote. Ila katika mfuko wa kaskazini, kumi na wawili walikuwa na vinasaba vya kusini kabisa.

Akaandika kwa ujasiri wake wote: dagaa wa kusini wanahamia kaskazini, wa kaskazini hawahamii kusini. Watu wa bahari wakaipokea kama mvua ya Machi. Huyu akainukuu, yule akainukuu, na kufikia mwaka huu hakuna aliyeandika juu ya dagaa wa pwani ile bila kumtaja Nasike wa Kitale, mwanamke aliyeweza kuisoma bahari bila kulowa miguu.

Jumanne ya wiki ile ya faili alipita kwa Nafisa kununua dagaa wa nyumbani. Alimkuta amevimba kwa hasira.

"Kuna mwalimu mmoja ameniharibia asubuhi," Nafisa alisema, huku akikata uzi wa gunia jipya. "Amehamia hapa juzi kutoka Nairobi. Nimempimia gorogoro, nimemwongezea, akarudisha ile nyongeza! Ati, 'Mama, mbona unanichanganyia?' Mimi namchanganyia? Na ni ya bure, wallahi!"

Nasike akacheka. "Hao hawajui kuongezewa, bana. Huko kwao wanapimiwa na mashini."

"Si nimemwambia hivyo!" Nafisa akajaza gorogoro kutoka gunia jipya, akaimwaga kwenye mfuko ambao Nasike alikuwa amemfungulia.

"Haya, niongezee, Mama Hibo."

Mkono wa Nafisa ukaruka gunia jipya, ukaingia katika gunia la pembeni lililobakiza kidogo chini, ukatoka na konzi iliyojaa. Konzi ikaanguka juu ya dagaa walio mfukoni.

Nasike akautazama ule mkono. Akautazama tena mfuko.

"Mama Hibo, kumbe mwalimu amesema kweli. Hii umetoa kwa gunia ingine."

"Sasa nitoe wapi? Gunia mpya haiongezewi watu. Ukianza kugawa bure kabla haijashika biashara, baraka inatoka yote. Nyongeza ni ya lile linaisha. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo, na mama yake."

"Siku zote?"

"Daktari, umenunua hapa miaka ngapi? Umewahi kuona nikifanya ingine?"

Hajawahi. Ameuona mkono ule ukiruka gunia jipya mara mia, na macho yalishaacha kuuona. Hata mama yake kule Bumula hafungui debe jipya la njugu na kutoa nyongeza humo humo. Hutoa katika lile la jana. Mzungu angeuliza siku ya kwanza. Mwalimu wa Nairobi aliuliza asubuhi ile ile. Lakini Nasike ni mtoto wa soko, na mtoto wa soko haulizi nyongeza imetoka wapi, anafungua mfuko zaidi. Alikumbuka vizuri kabisa siku ile ya 2013: gunia la kaskazini lilikuwa jipya, la kusini linakwisha, na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwambia Nafisa, "Ongeza kidogo, mama, mimi ni mwanafunzi."

Alilipa, akasahau kuchukua chenji, akaenda moja kwa moja ofisini.

Mtafiti mzuri hatupi kitu. Daftari lake la 2013 lilikuwa katika kabati, limefungwa kwa mpira, bado linanuka dagaa. Humo alikuwa ameandika namba ya kila samaki kwa mpangilio aliowatoa mfukoni, kuanzia juu kwenda chini. Enzi zile alihesabu tu ni wangapi; hakutazama ni namba zipi. Sasa akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia wale kumi na wawili wa kusini. Namba mbili. Tatu. Tano. Sita. Tisa. Wa mwisho alikuwa namba ishirini na nne. Kuanzia ishirini na tano hadi mia na ishirini hakukuwa na wa kusini hata mmoja.

Samaki waliohama kweli baharini hawawezi kukaa wote juu ya mfuko. Hawa walikaa juu kwa sababu waliwekwa juu, kwa konzi, na Mama Hibo, kwa ukarimu.

Nasike aliogopa. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuficha: kwa dakika chache aliona aibu hadi akafunga mlango kwa ufunguo ingawa hakuna aliyekuwa akija. Nukuu mia mbili sitini na tatu za konzi ya nyongeza! Kisha likaja jambo la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Muchiri. Walisoma pamoja, kijana mpole wa Nyandarua aliyekwenda kufundisha pwani. Mwaka 2020 jarida moja lilimpelekea Nasike makala ya Muchiri aihakiki kwa siri, kama ilivyo kawaida: mwandishi hajui ni nani anamhakiki. Muchiri alikuwa ametoa samaki wake ndani ya mashua, kusini na kaskazini, kwa misimu mitatu. Hakuona mchanganyiko wowote. Na Nasike, kwa kujiamini kwake kote, aliandika mistari minne: matokeo haya yanapingana na kazi iliyokwisha kuthibitishwa, pengine mwandishi alikosea maabara, isichapishwe. Kazi iliyokwisha kuthibitishwa ilikuwa yake mwenyewe. Makala ikarudishwa.

Jumatano asubuhi alimwendea Hiram, mkuu wa idara, mzee mwenye roho safi ambaye amewapandisha wengi vyeo na anastaafu mwakani. Akamweleza yote, daftari mkononi. Hiram akasikiliza, akavua miwani.

"Daktari, faili ni keshokutwa. Kikao ni baada ya wiki tatu tu. Kama ni kuliandikia jarida, andika mwezi ujao. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimelifunika miaka kumi na moja, mzee, bila kujua. Nikilifunika tena na ninajua, mwanaharamu si atakuwa mimi?"

"Nani atajua?"

"Mama Hibo anajua."

"Muuza samaki?"

"Ndiyo. Na siwezi kununua dagaa mahali pengine. Wa pale ni wazuri."

Hiram akacheka bila kupenda. Kisha akasema kwa upole kwamba ukiitoa makala ile unabaki na nukuu sabini na nane, na kwa sabini na nane kikao hakitafungua hata ukurasa wa pili.

"Watafungua," Nasike alisema. "Iko ile yangu ya kutenganisha omena wa ziwani na dagaa wa bahari waliochanganywa pale Lwakhakha. Imenukuliwa mara nne tu, lakini ni ya kweli. Mimi ni mtafiti, mzee. Sikuwa mtafiti kwa sababu ya konzi ya Mama Hibo."

Alisema hivyo kifua mbele, na ndivyo alivyoamini.

Alhamisi aliliandikia jarida barua. Aliandika kila kitu: gorogoro, gunia jipya, gunia linalokwisha, nyongeza, na namba za samaki. Chini kabisa akaweka kwamba chanzo cha kosa kilionyeshwa na Bi. Nafisa Ladan, mfanyabiashara wa samaki, Kitale. Akaomba makala ile iondolewe. Halafu akampigia Muchiri simu.

"Profesa mtarajiwa!" Muchiri aliitikia. "Niaje huko?"

"Niite Nasike." Akamweleza habari ya nyongeza tangu mwanzo hadi mwisho. Muchiri alicheka pale kwenye konzi, kisha akaacha kucheka alipoelewa ilikuwa inaelekea wapi.

"Kuna ingine," Nasike akasema. "Makala yako ya 2020. Yule mhakiki aliyesema umekosea maabara. Ni mimi."

"Huyo mhakiki nimemtukana sana," Muchiri alisema.

"Mtukane tena. Ninasikiliza."

"Sitaki." Akavuta pumzi. "Unajua, Nasike, baada ya hapo sikurudi kwa mashua. Miaka minne nawaambia wanafunzi darasani, tazameni makosa yangu, msichafue sampuli kama mimi. Nawaonyesha kazi yangu mwenyewe kama mfano wa kukosea."

Nasike akahisi machozi, na hakuyazuia. "Hukukosea."

"Sema tena."

"Hukukosea, Muchiri. Uko nayo bado?"

"Iko. Nimeifungia."

"Ifungue. Ipeleke leo."

Ijumaa akapeleka faili lenye makala kumi na nane. Karani akahesabu, akamuuliza kama kuna ukurasa umeanguka. Akamwambia hapana, umetolewa.

Kikao kikakaa. Wakamsikiliza kwa heshima, mmoja wao akampa mkono, na wiki iliyofuata barua ikaja: uprofesa umeahirishwa hadi nukuu zitakapotosha. Nasike akaikunja, akasafiri hadi Bumula kumwambia mama yake kwa mdomo, maana habari ya namna hiyo haiendi kwa simu.

Alimkuta sokoni nyuma ya njugu zake. Mama akasikiliza bila kuacha kuchambua.

"Na mimi nishawaambia wote kanisani," mama alisema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Uliiba?"

"Hapana."

"Ulisema kweli?"

"Nilisema."

Mama akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Basi nitawaambia imeahirishwa. Hata mvua inaahirishwa, na hakuna mtu anauza shamba." Alifikiri kidogo, kisha uso ukamkunjamana. "Lakini Nasike, hata wewe! Umekuwa hapa na mimi miaka yote, hujui nyongeza inatoka kwa debe ya jana?"

Nasike akaangua kicheko hadi akina mama wa upande wa mboga wakageuka. Alikuwa hajacheka vile kwa wiki nne.

Miezi kumi baadaye, makala ya Muchiri ilichapishwa. Nasike aliisoma ofisini akiwa amesimama. Muchiri alikuwa amenukuu kazi nyingi, na ya kwanza kabisa kati ya zote ilikuwa barua ya Nasike ya kusahihisha, ile ambayo jarida lilikuwa limeichapisha, yenye habari za gorogoro. Akatoa nakala ya barua hiyo kwenye karatasi, akateremka hadi karibu na msikiti.

Nafisa akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku. Kiingereza cha namna ile hakukisoma, lakini jina lake alilipata haraka.

"Hapa ni mimi?"

"Ni wewe. Dunia nzima imesoma."

"Imesema nilikuharibia?"

"Imesema ulinionyesha."

Nafisa akaitazama karatasi muda mrefu. Akaitia plastiki, akaibandika kwenye nguzo ya kibanda, juu ya kalenda. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akauliza swali la kibiashara. "Na hii wamekunukuu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Moja? Na ile ya uwongo?"

"Mia mbili sitini na tatu."

"Ya Rabi!" Nafisa akapiga paja. "Na mbona unafurahi hivyo?"

"Kwa sababu hiyo moja ni ya mtu aliyetoa samaki wake ndani ya mashua. Nipimie gorogoro."

Gunia lilikuwa jipya, uzi wake ndio kwanza umekatwa. Nafisa akajaza, akamimina. Nasike akaushika mfuko wazi kama alivyoushika miaka yote, ila hakuomba nyongeza. Mkono wa Nafisa ukaelekea kwenye gunia la pembeni, lile linalokwisha, ukasimama hewani. Kisha ukarudi. Akachota konzi iliyojaa kutoka gunia jipya lile lile, akaiweka juu.

"Mama Hibo! Na baraka?"

"Ya leo chukua wewe," Nafisa akasema, akamfungia mfuko.